Uji Unamsubiri Ruthu Ashuke

Injinia Mudrick alipenda kufundisha akiwa na kikombe cha chai ya rangi mkono wa kushoto na spana mkono wa kulia, na Jumatatu ile ndivyo alivyokuwa. Karakana yake iko Kizota, mjini Dodoma, imepakana na mafundi wa mageti, kwa hiyo kila mara alisubiri wale majirani wapumzishe mashine yao ya kukatia vyuma ndipo aendelee na somo. Wanafunzi wa ufundi wa gesi walikuwa katika wiki ya pili. Walilizunguka benchi lenye jiko, bomba na mtungi. Injinia alikuwa anaeleza kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inalala sakafuni, na hapo ndipo Ruthu Matonya alipoinuka.

Aliinuka kimo cha tofali lililolazwa. Hakuruka, wala hakukanyaga kitu. Buti zake ziliachana na saruji tu, akabaki amesimama hewani wima, kalamu mkononi, akiendelea kuandika kwa sababu Injinia alikuwa hajamaliza sentensi.

"Ruthu, unawakinga wa nyuma," alisema Injinia.

"Samahani, Injinia. Nashindwa kushuka."

Hanifu, mwenzake wa benchi moja, kijana wa mjini mwenye maneno mengi, aliinama akapitisha mkono chini ya soli zake. "Pako wazi kabisa," alitoa taarifa.

Injinia aliweka kikombe chini, akachovya brashi kwenye kopo la maji ya sabuni, akapaka maungio yote ya bomba. Kwenye ungio la chini ya benchi povu lilianza kuvimba, likapasuka, likavimba tena. Alikaza nati, akaamuru mlango mkubwa ufunguliwe, na vijana wakapepea sakafu kwa maboksi. Ruthu alishuka polepole hadi soli zikagusa saruji.

"Mmeona faida ya sabuni?" Injinia aliwauliza wanafunzi wake, kisha akamalizia chai.

Ruthu aliogopa, tena aliogopa sana, lakini si kwa sababu ya kuinuka. Aliogopa kwa sababu alikuwa amesimama pale muda wote, gesi ikimzunguka miguuni, na pua yake haikumwambia kitu. Karakana nzima ilinuka gesi tangu siku ya kwanza. Pua ya mtu huzoea.

Hakuja kwenye fani hii kwa mapenzi, tuseme ukweli. Alikuwa anauza dukani kwa shangazi yake, mtaa wa Miyuji, na angeendelea kuuza, kama si simu ya mama yake. Mama yake aliitwa Devota, ingawa wote walimwita Mama Ruthu, na alikuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana, njia ya kwenda Mvumi. Alipika kwa kuni miaka mingi hadi macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani. Sasa ilikuwa imetangazwa kwamba majiko makubwa yote yaachane na kuni, na kampuni ya Injinia Mudrick ndiyo iliyopewa kazi ya kufunga gesi pale shuleni.

"Wananiletea gesi, mwanangu," mama alisema kwenye simu. "Mimi naiogopa. Kuni nikizikosea zinanizimikia. Hii nikiikosea itakuwaje? Kasome wewe, uje unikagulie."

Basi Ruthu akaenda kusoma. Mama yake ndiye angekuwa wa kwanza kuingia jikoni kila alfajiri, ndiye angewasha njiti ya kwanza, na Ruthu hakuwa na mama mwingine.

Tangu Jumatatu ile miguu yake ilimwinua kila palipovuja gesi, haikukosea hata mara moja. Kwa jirani yao Salha aliinuka hadi usawa wa ugoko alipokwenda kuazima ungo. Wakakuta panya ameutafuna mpira wa gesi, Salha akanunua mwingine na kumpa Ruthu mayai. Kwa mama lishe wa pale kituo cha daladala alibaki chini, na kweli majiko yake yalikuwa mazima. Shangazi alimshauri aache sketi avae suruali, maana mtu hajui atainukia wapi. Hanifu naye hakuishiwa utani. "Wewe ukiolewa, shemeji ajenge nyumba yenye dari ya juu," alimwambia, na Ruthu akacheka, maana Hanifu alikuwa kijana mzuri. Lakini usiku aliota mama yake anawasha njiti, akaamka kabla moto haujashika.

Mtihani wa vitendo ulifanyika palepale shuleni, mwezi wa nane, siku ya kukabidhi jiko jipya. Injinia alipanga hivyo ili wageni waone na jiko, na mafundi. Mtahini alitoka Dar es Salaam, akiitwa Bwana Ernest, mtu mpole mwenye miwani na viatu visivyofaa kwa vumbi la Dodoma. Upepo wa msimu ule ulikuwa umechachamaa. Vumbi lilikuwa likiingia jikoni kupitia matundu yaliyoachwa chini ya ukuta, na mkuu wa shule, Mwalimu Elieza, alikwishaamuru matundu yote yazibwe kwa magunia, kwa sababu wazazi walilalamika kwamba uji una mchanga. Matundu yale fundi huyaacha ili gesi ikivuja ipate pa kutokea. Injinia aliyaona magunia akayaacha, kwa kuwa mkuu wa shule ndiye mteja.

Injinia Mudrick alikuwa na utaratibu wake wa kukabidhi kazi, na wanafunzi wake wote waliufuata. Fundi akishakagua jiko akaridhika, humpa mpishi kiberiti mkononi mbele ya watu. Kumpa kiberiti ndiyo kusema jiko ni salama. Hakuna hotuba zaidi ya hapo.

Bwana Ernest alimwita Ruthu. Ruthu alivuka kizingiti na papo hapo akainuka hadi usawa wa magoti ya watu. Gesi ilikuwa imefunguliwa tangu jana yake, na jikoni palikuwa pamelala pamefungwa.

"Shikamoo, mzee," alisalimu akiwa juu.

"Marahaba. Mtahiniwa anatakiwa kufanyia kazi mahali imara, binti."

"Hapa sipati pa kukanyaga. Kuna gesi imelala chini."

"Thibitisha," alisema Bwana Ernest, kwa sauti ya mtu anayesaidia.

Mama yake alileta ndoo ya maji ya kisima cha shule, Hanifu akatia sabuni. Kila mtu wa maeneo yale anajua maji ya kisima kile. Yana chumvi, yanaikata sabuni, yanaacha vipande vyeupe vinavyoelea kama maziwa yaliyoganda. Wasichana hufulia maji ya mvua wakibahatika kuyapata. Ruthu aliinama kutoka hewani, akapaka ungio moja hadi jingine, kisha akapaka mstari ambapo bomba linaingia ukutani nyuma ya vigae vipya. Maji yalitiririka tu.

"Hakuna povu," alisema Bwana Ernest.

"Maji haya hayatoi povu hata ukinawa mikono, mzee. Naomba ya mvua, au ya chupa."

"Mwongozo unasema maji na sabuni. Haya ni maji?"

"Ni maji."

"Na hii ni sabuni?"

"Ni sabuni, mzee. Na harufu je?"

"Gesi lazima inuke, binti. Ingekuwa hainuki ndiyo ningeogopa."

"Na miguu yangu?"

Bwana Ernest aliitazama miguu yake bila haraka, maana alitaka kutenda haki. "Miguu haimo kwenye mwongozo," alisema. "Mkabidhi mpishi kiberiti tuendelee."

Mama Ruthu alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefungwa kifuani, mikono imekwisha kunyooshwa kupokea. Ruthu alimtazama mama yake. Meno yalikuwa yakimgongana kwa hofu, na kila mtu aliyasikia. Alikitia kiberiti mfukoni mwa ovaroli.

"Siwezi," alisema.

Akafeli. Aliitwa Hanifu, naye akapaka maji yaleyale kwenye maungio yaleyale. Mara moja moja aliinua macho akamtazama Ruthu, aliyekuwa amejishikiza kwenye karo la kuoshea vyombo, hajaweza kushuka. Hanifu siku hiyo hakuwa na utani. Alitoa kiberiti chake mwenyewe, akamkabidhi Mama Ruthu kwa mikono miwili, akanong'ona, "Nisamehe, mama."

Mama Ruthu alikipokea, kwa sababu mbele ya wageni mtu akikupa kitu unakipokea. Lakini hakuwasha. Alisema kuna joto, wageni wakapumzike kwanza kwenye turubai wanywe soda. Walipotoka alifungua milango yote miwili, akang'oa magunia, akaacha upepo upite, vumbi na kila kitu, macho yake yakiwa kwenye miguu ya mwanawe. Ruthu alipogusa sakafu ndipo mama alipowasha. Wageni walipiga makofi kutoka kule kwenye turubai. Jioni mlinzi alirudisha magunia kwenye matundu kama alivyoagizwa.

Ruthu alimfuata Injinia Mudrick kwenye gari lake. Alimweleza kwamba ungio linalovuja liko ndani ya ukuta, nyuma ya vigae.

"Najua ni lipi," alisema Injinia. "Kijana aliyelifunga alikuwa na haraka. Lakini kulifikia ni kubomoa ukuta mzima, na ukuta umeshapigwa picha."

"Kwa hiyo huniamini?"

"Nani kasema? Nakuamini, Ruthu. Naiamini miguu yako kuliko sabuni." Alisema hivyo kwa upole, na ndilo jambo lililomtia Ruthu hofu kuliko yote aliyoyasikia siku ile. "Sasa sikiliza. Rudia mtihani pale karakana, utafaulu. Kisha nitakuombea kazi hapahapa shuleni. Kila alfajiri unatangulia kuingia wewe. Ukiinuka, mama anasubiri. Ukishuka, anawasha. Tatizo liko wapi?"

Ruthu aliomba basi angalau koki kuu iwe inafungwa kila jioni. Injinia alisikitika kweli. Koki kuu ilikuwa ndani ya banda la mitungi, banda lilikuwa na kufuli kwa sababu mitungi huibwa, na ufunguo ulikaa mjini kwa mujibu wa mkataba. Wakaagana vizuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, ila hawakusema la kufanya ufa ukiwa umeshafunikwa kwa vigae.

Alirudia mtihani Kizota na akafaulu, miguu yote miwili chini. Bwana Ernest alimpongeza kwa kusimama imara. Akawa fundi wa gesi mwenye cheti, akahamia shuleni, akalala chumba kimoja na mama yake.

Ikawa kazi kama kazi nyingine. Alfajiri Ruthu alivuka kizingiti akainuka. Mama yake alifungua milango, akang'oa magunia, akasimama nje na kiberiti kwenye kanga. Wasichana walipanga foleni na vikombe vyao, wakaulizana, "Dada Ruthu kashuka?" na aliyekuwa mbele akachungulia akajibu, "Bado, yuko usawa wa meza." Walizoea. Wengine walimtumia kukisia kama watawahi kipindi cha kwanza. Mama naye kila alipoona soli zinakaribia sakafu aliuliza, "Umefika chini?" na hakuwasha mpaka asikie jibu.

Siku Ruthu alipougua malaria walimleta kwa toroli, amejifunika blanketi, wakamweka kizingitini. Aliinuka hivyohivyo akiwa amelala, meno yanagongana, blanketi linaning'inia pande zote mbili. Alisubiriwa akashuka, uji ukapikwa, akarudishwa kitandani.

Kampuni moja ya Mtwara ilimpigia simu. Ilitaka mafundi wenye cheti, kazi ya kweli, mabomba makubwa, nyumba na bima. Ndiyo kazi ambayo wenzake wote wa karakana waliiota. Ruthu aliuliza kama wangeweza kumngoja, wakauliza kwani yeye anamngoja nani, akashindwa kueleza. "Nikienda, nani atakuinukia?" alimwambia mama yake baadaye. Mama yake aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Nenda tu mwanangu," na wote wawili walijua kwamba hatakwenda popote.

Injinia Mudrick alikuwa amepata shule nyingine za kufunga gesi. Alipita siku moja kusalimu, akamkuta Ruthu yuko hewani, akapiga naye soga kutoka mlangoni. "Hivi kwenu," aliuliza, "hakuna ndugu yako mwingine anayeinuka?" Ruthu alisema hakuna. Injinia akasema si mbaya, atatangaza darasani.

Ungio liliendelea kuachia, kama maungio yote yasiyokazwa. Ruthu alianza kuinuka hadi kiunoni mwa watu, kisha hadi kifuani. Ilipofika mwezi wa kumi upepo ulikata. Dodoma yote ilituama kwa joto, milango ikifunguliwa hakuna kilichopita, na gesi ililala jikoni bila wa kuitikisa. Mama na Ruthu waliipepea kwa sinia na maboksi mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Jua lilichomoza, kengele ya kipindi cha kwanza ikalia, ya pili ikalia, na Ruthu bado alikuwa juu. Wasichana wawili walianguka kwa njaa kwenye gwaride.

Mwalimu Elieza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule ya kuendesha, na wazazi walianza kupiga simu. Asubuhi moja alikuja jikoni mwenyewe, nyuma yake mlinzi kabeba gunia la maharage.

"Mbukwenyi, Mama Ruthu," alisalimu kwa Kigogo, kama afanyavyo mtu akiwa na jambo zito.

"Mbukwa, mwalimu."

"Tumekaa kikao jana. Imeonekana kinachotuchelewesha ni Ruthu kuchelewa kushuka. Kwa hiyo tumsaidie." Alimwonyesha mlinzi kwa kidole. "Mpe alibebe."

Mlinzi alinyanyua gunia, akamwegeshea Ruthu mabegani. Ruthu alishuka. Alishuka moja kwa moja, bila kuyumba, hadi buti zake zikakaa juu ya sakafu. Magotini mwake alihisi kitu kama maji baridi kinapita, nacho hakikuondoka.

"Haya, yuko chini," alisema Mwalimu Elieza. "Washa, mama."

"Mama, usiwashe," alisema Ruthu. "Ni gunia tu. Gesi ipo, ipo palepale."

"Makubaliano ni kwamba Ruthu akiwa chini jiko liwashwe," alisema mkuu wa shule, na kwa hakika ndivyo yalivyokuwa.

"Mwalimu, nakuomba, tusubiri," alisema Mama Ruthu. "Jua likipanda kidogo."

"Watoto wanaanguka, mama. Kama wewe unaogopa, basi mimi sikulazimishi." Aligeukia foleni. "Kiranja wa jikoni yuko wapi? Njoo uwashe jiko."

Msichana alitoka kwenye mstari, akaweka kikombe chake chini, akaja akifuta mikono kwenye sketi. Alikuwa wa kidato cha pili. Alinyoosha mkono kwa adabu ili apewe kiberiti.

Mama Ruthu alimtazama yule mtoto, kisha akakikunja kiberiti ndani ya kiganja chake. "Mtoto wa watu, hapana," alisema. "Rudi kwa wenzako. Nyote nendeni kule nyuma ya ukuta wa kufulia. Mwalimu, na wewe." Akamgeukia binti yake. "Ruthu, toka."

"Sitoki, mama."

"Toka, mwanangu. Nikishawasha nitakuita."

"Mama, mimi ndiye fundi."

"Na mimi ndiye mama yako. Toka."

Ruthu alitoka na gunia lake mabegani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumtua. Alisimama nyuma ya ukuta pamoja na wasichana waliokuwa wakisukumana na kupiga miayo. Alitetemeka hadi maharage yakasikika yakisuguana ndani ya gunia. Alisikia mama yake akisema Baba Yetu kwa haraka. Alisikia njiti ya kwanza ikikwaruzwa na kuvunjika. Kukawa kimya, halafu njiti ya pili ikakwaruzwa.

"Tayari," mama aliita kutoka ndani. Sauti yake haikuwa yake.

Siku ile moto haukuifuata gesi, na uji ulitoka kabla ya kengele, kwa mara ya kwanza tangu joto lianze, na wasichana wengine walirudia kikombe cha pili. Mwalimu Elieza alikunywa nao akiwa amesimama, akausifu. Alipomaliza alimwambia mlinzi gunia lisirudishwe stoo, liachwe hapohapo mlangoni kwa ajili ya kesho.